Tom Morris, mtunza nyasi wa St Andrews aliyelinda kiwanja cha gofu kando ya bahari

Jumapili tarehe 24 Mei 1908, katika mji mdogo wa St Andrews, mashariki mwa Uskoti, mzee mmoja alianguka kwenye ngazi za nyumba ya chama cha wachezaji wa gofu. Hakupona. Alikuwa na miaka 86, na zilibaki wiki chache tu atimize 87. Jina lake Tom Morris. Wakaaji wa mji walimwita Mzee Tom, ili wasimchanganye na mtoto wake aliyekuwa na jina hilohilo, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemzika miaka zaidi ya 30 kabla.

Tom Morris hakuwa mtu wa ukoo mkubwa, wala hakuwa tajiri. Baba yake mzazi alikuwa mfumaji wa vitambaa. Yeye mwenyewe aliishi kwa kazi ya mikono: kutengeneza mipira na fimbo, kubeba mizigo ya wachezaji, kusukuma toroli na kushika koleo. Hata hivyo, mtu yeyote anayecheza gofu leo, awe Marekani, Japani ama Afrika ya Kusini, anatembea juu ya mawazo ya mzee huyu.

Kwetu Kongo, gofu inajulikana kama mchezo wa wenye pesa. Mjini Lubumbashi kuna kartie inayoitwa Golf, lakini wengi wanaopita huko kila siku hawajawahi kushika fimbo ya mchezo huo. Ndiyo sababu maisha ya Tom Morris yanashangaza. Kiwanja kinachoheshimiwa kuliko vyote duniani ni ardhi ya wakaaji wa mji, na aliyekipa sura yake alikuwa mfanyakazi wa mshahara mdogo.

Ardhi ambayo mkulima hakuitaka

Ili kumwelewa Tom Morris, ni lazima kwanza kuelewa ardhi aliyozaliwa kando yake. Pwani ya Uskoti ina sehemu nyingi ambazo wenyeji huziita linksi. Ni kipande cha ardhi kilicho kati ya ufuko wa bahari na mashamba. Udongo wake ni mchanga mtupu. Nyasi zake ni fupi, nyembamba na ngumu. Upepo umejenga vilima vidogo na mabonde madogo kila upande. Mahindi hayawezi kuota pale, wala ngano. Kondoo na sungura ndio waliokuwa wakila huko, na inasimuliwa kwamba mashimo mengi ya mchanga yalianza pale kondoo walipojichimbia ili kujikinga na upepo.

Ardhi hiyo isiyofaa kwa jembe ilifaa sana kwa mchezo. Mvua ikinyesha, maji huzama mara moja kwenye mchanga, na mtu anaweza kucheza hata katikati ya majira ya baridi. Waskoti walipenda gofu hivi kwamba kunako mwaka wa 1457 bunge la mfalme James wa Pili liliupiga marufuku, kwa kuwa vijana waliacha kufanya mazoezi ya kutupa mishale ya vita. Marufuku hayo hayakuumaliza mchezo. Mwaka wa 1552, askofu mkuu John Hamilton alitia mkono kwenye hati iliyothibitisha haki ya wakaaji wa St Andrews kucheza gofu kwenye linksi zao. Na mwaka wa 1764 wachezaji wa mji huo walipunguza mashimo yao kutoka 22 hadi 18. Ndiyo hesabu inayofuatwa duniani kote mpaka leo.

Kisha likaja tatizo la pesa. Mwishoni mwa karne ya 18, baraza la mji lilikuwa na madeni makubwa, likaiachilia ardhi hiyo kwa wafanyabiashara waliotaka kufuga sungura. Sungura wakachimba mashimo kila mahali. Ugomvi kati ya wafugaji na wachezaji uliendelea kwa zaidi ya miaka 20, barazani na mahakamani. Mwishowe, mwaka wa 1821, mwenye shamba jirani aliyeitwa James Cheape, ambaye naye alikuwa mchezaji, aliinunua ardhi hiyo na kuirudisha kwenye gofu. Mwaka huohuo, tarehe 16 Juni, Tom Morris alizaliwa mjini St Andrews.

Fundi wa mipira ya manyoya

Kijana Tom alipofika umri wa miaka 14 hivi, alipelekwa kujifunza kazi kwa Allan Robertson, aliyehesabiwa kuwa mchezaji bora wa wakati wake. Robertson aliishi kwa kuuza mipira ya gofu, aliyoitengenezea nyumbani kwake. Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Fundi alichukua vipande vya ngozi, akavishona na kuacha tundu dogo, kisha akasindilia ndani manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kiasi cha kujaza kofia nzima. Manyoya yalipokauka yalivimba, ngozi nayo ikajikaza, na mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi mzuri alimaliza mipira mitatu ama minne kwa siku. Kwa hiyo bei ilikuwa kubwa, na mpira ukilowa maji ulipasuka. Maskini hakuweza kuununua.

Tom alikaa kwa Robertson miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi na baadaye kama fundi wa kulipwa. Wawili hao walicheza pamoja kama timu moja, na sifa yao ilikuwa kwamba hawashindwi. Mwaka wa 1849 walipambana na ndugu wawili wa ukoo wa Dunn kutoka mji wa Musselburgh, kwa dau la pauni 400, pesa ambazo mfanyakazi wa kawaida hangezipata kwa miaka mingi. Walicheza kwenye viwanja vitatu. Huko Musselburgh walipigwa vibaya. St Andrews walishinda. Kwenye kiwanja cha mwisho, North Berwick, walikuwa nyuma kwa mashimo manne huku yakibaki manane tu, lakini waligeuza mchezo na kuchukua ushindi.

Urafiki huo ulivunjwa na mpira. Kunako mwaka wa 1848 kulifika Uskoti mpira wa namna mpya, uliotengenezwa kwa utomvu wa mti wa Asia ya kusini-mashariki unaoitwa gutapacha. Ni utomvu unaofanana na ule wa mti wa mpira ambao wazee wetu wa Kongo waliujua kwa uchungu mwingi. Gutapacha ilichemshwa, ikafinyangwa kwa mkono, ikakauka. Haikuogopa maji, na bei yake ilikuwa ndogo sana. Robertson aliona mara moja kwamba kitu hicho kitaua kazi yake. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiinunua mipira hiyo na kuichoma moto, na kwamba alimtaka Tom aahidi kutoicheza kamwe.

Siku moja Tom alikuwa akicheza na bwana mmoja, mipira yake ya manyoya ikaisha. Bwana huyo akamwazima mpira wa gutapacha. Tom akaupiga. Habari zilimfikia Robertson, maneno makali yakatoka, na Tom akaacha kazi. Alikuwa na karibu miaka 30, mke aliyeitwa Nancy, na jeraha bichi moyoni: mtoto wao kifungua mimba alikuwa amefariki mwaka wa 1850, akiwa na miaka minne tu.

Historia ilimpa Tom haki. Mpira wa bei ndogo uliingiza watu wengi kwenye mchezo, na miaka michache baadaye Robertson mwenyewe aliukubali. Mwaka wa 1858 alikuwa mtu wa kwanza kumaliza kiwanja cha St Andrews kwa mapigo 79. Mwaka uliofuata alifariki.

Prestwick: mashimo 12 kati ya vilima

Mwaka wa 1851 Tom alihamia Prestwick, upande wa pili wa Uskoti, kwenye pwani ya magharibi. Chama kipya cha gofu kilikuwa kimeanzishwa huko, na mmoja wa wakubwa wake, James Ogilvie Fairlie, alimwita awe mtunza kiwanja na fundi wa mipira na fimbo. Tom alibeba mtoto mchanga, aliyezaliwa tarehe 20 Aprili mwaka huo. Walimpa jina lilelile la kaka yake aliyefariki: Thomas. Baadaye walizaliwa binti Elizabeth na wavulana wawili. Mmoja wao walimwita James Ogilvie Fairlie, kwa heshima ya yule mkubwa aliyewapa kazi.

Ardhi ya Prestwick ilikuwa ndogo, yenye vilima vya mchanga vilivyopanda na kushuka. Tom hakuvibomoa. Hakukuwa na mashine, na hakuona sababu. Alipanga mashimo 12, yenye urefu wa kama kilometa 3 na nusu kwa jumla, yakipishana kati ya vilima. Kilima kimoja kiliitwa Alps, kingine Himalayas, majina ya milima mikubwa ya dunia. Mchezaji alipiga mpira kuvuka kilima bila kuona unaangukia wapi. Mtego mmoja mkubwa wa mchanga, unaoitwa Cardinal, kuta zake zilishikiliwa na mbao nene za reli. Aliyeingia humo aliweza kupoteza mapigo matano kabla ya kutoka.

Huko ndiko Tom alipogundua siri yake kubwa ya kazi. Inasimuliwa kwamba siku moja toroli la mchanga lilimwagika juu ya nyasi karibu na shimo. Badala ya kufa, nyasi pale ziliota vizuri kuliko mahali pengine. Tangu siku hiyo alimwaga mchanga juu ya nyasi kila mwaka, kwa makusudi. Watunza viwanja wa dunia nzima wanafanya hivyo hadi sasa.

Tarehe 17 Oktoba 1860, chama cha Prestwick kiliwaita wachezaji wa kulipwa kushindania mkanda wa ngozi nyekundu. Walikuja 8 tu. Walizunguka mashimo 12 mara tatu kwa siku moja. Ndiyo yalikuwa mashindano ya kwanza ya Open, ambayo leo yanatazamwa na mamilioni ya watu. Willie Park wa Musselburgh alishinda kwa mapigo 174. Tom Morris, mwenyeji aliyekipanga kiwanja kwa mikono yake, alikuwa wa pili kwa mapigo 176.

Hakukata tamaa. Alishinda mwaka wa 1861. Alishinda tena 1862, akimwacha wa pili kwa mapigo 13. Ushindi mkubwa namna hiyo haukuonekana tena katika mashindano makubwa ya gofu hadi mwaka wa 2000, Tiger Woods aliposhinda kwa mapigo 15 huko Marekani. Alishinda pia 1864 na 1867. Mwaka huo wa 1867 alikuwa na miaka 46, na hakuna mzee kuliko yeye aliyewahi kushinda Open mpaka leo. Pesa hazikuwa nyingi. Ushindi wa 1864 ulimletea pauni 6.

Toroli, koleo na sepetu

Wakati Tom akiwa Prestwick, kiwanja cha St Andrews kilikuwa kimechakaa. Wachezaji waliongezeka, nyasi zilikanyagwa mpaka zikaisha. Mwaka wa 1864, chama kikubwa cha mji, Royal and Ancient, kilimwomba arudi nyumbani. Alipewa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, mtu mmoja wa kumsaidia kazi nzito siku mbili kwa wiki, na vyombo: toroli, koleo na sepetu. Kwa vyombo hivyo alifanya kazi hadi mwaka wa 1903.

Inafaa kueleza kiwanja hicho, ambacho leo kinaitwa Old Course, kinavyomtesa mchezaji. Mtu akikiona mara ya kwanza anaweza kucheka. Ni tambarare, hakina miti, hakina maziwa mazuri. Ukanda wa nyasi unatoka mjini, unakwenda hadi mdomo wa mto Eden, unajikunja kama ndoana, kisha unarudi palepale mjini. Lakini chini ya nyasi hizo hakuna hatua mbili zilizo sawa. Mpira uliopigwa vizuri unagonga kijilima na kuruka upande. Ardhi ni ngumu, kwa hiyo mpira ukianguka hausimami, unaendelea kukimbia mita nyingi. Mchezaji mwenye akili haangalii tu mpira utaangukia wapi, bali utakimbilia wapi baadaye.

Tena kuna mitego ya mchanga, inayojulikana kama bunka. Kiwanja kina bunka 112. Nyingine ni ndogo kiasi kwamba mtu na fimbo yake wanaenea kwa shida, na hazionekani mpaka mchezaji awe amefika juu yake. Zina majina kama ya watu wa kijiji. Moja inaitwa Jehanamu, iko kwenye shimo la 14, pana na yenye ukuta mrefu kuliko mtu. Nyingine zinaitwa Majeneza. Bunka ya shimo la 17, iliyo kando ya barabara, imeharibu ushindi wa wachezaji wengi mashuhuri: ukiiogopa sana na kupiga mbele, mpira unaenda barabarani ama ukutani.

Juu ya yote kuna upepo wa bahari. Asubuhi unaweza kukusukuma mgongoni, na jioni ukakupiga usoni. Shimo ambalo jana lilihitaji mapigo mawili kulifikia, leo linahitaji matatu. Ndiyo sababu watu wa linksi husema kwamba kiwanja kinabadilika kila siku ijapokuwa hakuna aliyekigusa.

Tom alikuta mambo mengine ya hatari. Zamani ukanda ulikuwa mwembamba, umebanwa na vichaka vya miiba. Wanaokwenda na wanaorudi walitumia shimo lilelile, mipira ikipita karibu na vichwa. Tena wachezaji walianza pigo jipya hatua chache kutoka shimo walilomaliza, wakichota mchanga shimoni ili kuinua mpira, hivyo nyasi za pale ziliharibika. Kabla yake watu walikuwa wameanza kupanua njia na kuweka mashimo mawili kwenye uwanja mmoja. Tom aliendeleza kazi hiyo kwa bidii. Alikata vichaka. Alitenga mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Kunako mwaka wa 1870 alitengeneza uwanja mpya wa shimo la kwanza kando ya kijito cha Swilcan, na baadaye ule wa shimo la 18, chini ya madirisha ya mji.

Leo mashimo 14 ya Old Course yanatumia viwanja saba vikubwa vya pamoja: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kadhalika. Ukijumlisha namba mbili za kila uwanja, unapata 18 kila mara. Kwa sababu ya uwanja mpya wa shimo la kwanza, iliwezekana kukizunguka kiwanja kwa mkono wa kulia ama wa kushoto. Wakati wa Tom, pande hizo zilipokezana, ili nyasi zipate nafasi ya kupumua.

Kupumua kwa ardhi lilikuwa jambo la imani kwake. Tom alikuwa Mkristo wa kanisa la Uskoti, mzee wa kanisa, na Jumapili hakuruhusu mtu kucheza. Aliona kwamba hata kama wachezaji hawataki kupumzika, nyasi zinahitaji. Old Course bado hufungwa kwa wachezaji siku hiyo, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa. Wakaaji wa mji hutembea humo na watoto na mbwa wao.

Baba na mtoto

Yule mtoto aliyebebwa kwenda Prestwick alikua, na alicheza kuliko baba yake. Mwaka wa 1868, mwaka mmoja tu baada ya ushindi wa mwisho wa Tom, kijana Tommy alishinda Open akiwa na miaka 17, na baba yake akawa wa pili. Hivyo mzee kuliko washindi wote na kijana kuliko washindi wote walikuwa baba na mtoto wa nyumba moja, katika miaka miwili iliyofuatana.

Tommy alishinda tena 1869 na 1870, na kwa sheria ya chama mkanda ukawa mali yake kabisa. Mwaka wa 1871 hakukuwa na mashindano, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kushindania. Ndipo vyama vitatu vilichanga pauni 30 na kununua jagi la fedha ambalo nakala yake inatolewa mpaka leo. Mwaka wa 1872 Tommy alishinda mara ya nne mfululizo, na jina lake ndilo la kwanza lililochorwa juu yake.

Baba na mtoto walitofautiana sana. Tom alivua kofia mbele ya mabwana, alibeba fimbo zao na kupokea alichopewa. Wachezaji wa kulipwa hawakuwa wanachama wa vyama vya mabwana, na nyumba nzuri ya chama ilikuwa ya wengine. Tommy alivaa vizuri, alijadiliana bei ya kazi yake, na aliamini kwamba anayejaza kiwanja na watazamaji anastahili kulipwa kwa heshima.

Novemba 1874 Tommy alimwoa Margaret Drinnen. Septemba 1875, baba na mtoto walikuwa North Berwick, ng'ambo ya mkono mkubwa wa bahari, wakipambana na Willie Park na ndugu yake Mungo. Mchezo ukiwa unakaribia mwisho, telegramu ilifika: Margaret alikuwa katika uchungu mgumu wa kuzaa. Waliumaliza mchezo kwa ushindi, na mtu mwenye mashua akawachukua kuvuka bahari usiku. Walipofika, mama na mtoto wote wawili walikuwa wamefariki.

Tommy hakurudi kuwa yule wa zamani. Mwanzoni mwa majira ya baridi alikubali mchezo mrefu wa siku nyingi, mwingine ukiwa juu ya theluji, akashinda. Asubuhi ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1875, walimkuta amekufa kitandani. Alikuwa na miaka 24. Waganga walisema mshipa ulipasuka mapafuni. Wakaaji wa mji waliamini kwamba ni huzuni iliyomuua. Vyama vya gofu zaidi ya 60 vilichanga pesa kwa ajili ya kumbukumbu iliyosimamishwa juu ya kaburi lake.

Mwaka uliofuata Nancy naye alifariki. Kisha, mmoja baada ya mwingine, Tom alizika watoto wake wote waliobaki: John, aliyekuwa mlemavu wa miguu tangu utoto, mwaka wa 1893, Elizabeth mwaka wa 1898, na James mwaka wa 1906. Mzee aliishi kuliko nyumba yake yote.

Kazi iliyobaki

Mtu mwingine angefunga mlango. Tom aliamka kila asubuhi, akaenda kuoga baharini hata wakati wa baridi kali, kisha akachukua koleo. Vyama vya Uskoti, Uingereza na Ireland vilimwita kuangalia ardhi zao za pwani. Alipita kwa miguu, akapanda vijiti mahali pa kuanzia na pa kumalizia, akapanda treni kurudi nyumbani. Dornoch kaskazini, Muirfield karibu na Edinburgh, County Down huko Ireland, hata Askernish kwenye kisiwa cha mbali cha South Uist: kote huko kuna alama za miguu yake. Mahali pote alifuata kanuni moja, yaani kusoma ardhi kwanza na kuigusa kidogo tu.

Mwaka wa 1894 jambo lingine kubwa lilifanyika. Kwa sheria ya bunge, mji wa St Andrews uliinunua tena ardhi yake ya linksi, karibu miaka 100 baada ya kuipoteza kwa sababu ya madeni. Mwaka uliofuata kiwanja cha pili kilifunguliwa kando ya kile cha zamani, na Tom alishiriki kukipanga. Leo Old Course bado ni ardhi ya watu wote. Mgeni asiyejulikana na mtu anaweza kuweka jina lake kwenye kura ya kila siku, na akibahatika, akalipa na kucheza pale walipocheza mabingwa.

Alipostaafu mwaka wa 1903, chama cha mabwana kilitundika picha yake iliyochorwa na Sir George Reid ndani ya nyumba yao. Mtoto wa mfumaji aliingia humo kwa namna hiyo. Shimo la 18 lilipewa jina lake, na duka lake la fimbo na mipira bado liko kando ya shimo hilo.

Alipoanguka siku ile ya Jumapili ya Mei 1908, kiwanja kilikuwa kimefungwa, kama alivyoagiza yeye mwenyewe kwa miaka yote. Umati mkubwa ulimsindikiza hadi kwenye magofu ya kanisa kuu la zamani, na akazikwa karibu na Tommy. Nyuma yake hakuacha utajiri. Aliacha nyasi, mchanga na vilima vilevile alivyovikuta, vikiwa katika hali nzuri kuliko siku alipovipokea, na wakaaji wa mji wakiwa bado na haki ya kuvikanyaga.